Wasanifu Wawili, Nafasi Moja

Mume aliliona tangazo asubuhi akiwa kwenye benchi la kinyozi, akisubiri zamu yake. Mke aliliona mchana jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Ofisi moja ya usanifu wa majengo ilikuwa inatafuta msanifu mmoja, mwenye uzoefu, anayeweza kuanza mara moja. Kila mmoja aliomba bila kumwambia mwenzake. Jioni walipokaa kula walikuwa na adabu isiyo ya kawaida, huyu anasogeza mboga, yule anaongeza maji, mpaka binti yao akauliza kama kuna mgeni anakuja.

Mke ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alisema ameona tangazo. Mume akasema na yeye ameliona. Mke akasema ameomba. Mume alichukua muda kumeza, kisha akasema na yeye pia.

Bibi, mama yake mume, ambaye alihamia kwao baada ya kufiwa, aliuliza nafasi zenyewe ni ngapi. Akaambiwa ni moja.

"Sasa mtaigawanaje?" aliuliza. "Mmoja aende asubuhi, mwingine aende jioni?"

Binti alicheka peke yake.

Mji ulikuwa umesimama. Ndivyo watu walivyosema, ingawa magari yalitembea na masoko yalifunguliwa kama kawaida. Kilichosimama ni ujenzi. Kreni zilikuwa zimeganda juu ya maghorofa, kila moja imenyoosha mkono upande wake. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zilikuwa zimeota kutu, na ndani ya maghorofa yasiyo na madirisha ndege walikuwa wakijenga, wao peke yao waliobaki wakijenga. Benki hazikutoa mikopo. Wateja waliokuwa wakipiga simu alfajiri kuulizia rangi ya vigae sasa hawakupokea simu kabisa.

Ofisi ya mume ndiyo iliyokufa kwanza. Bosi alianza kwa kumwondoa mhudumu wa chai, akafuata dereva, wakafuata vijana wa kuchora, kisha wasanifu, mwisho akauza ile mashine kubwa ya kuchapia michoro na kujiondoa mwenyewe. Ofisi ya mke haikufunga. Wao waliambiwa waende likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa, na likizo hiyo ikawa haina mwisho. Walihama nyumba ya vyumba vitatu wakaingia ya viwili, bibi na binti chumba kimoja. Meza kubwa ya kuchorea haikuingia mlangoni, wakaiacha kwa mwenye nyumba wa zamani, ambaye alisema ataiweka tu, kwa wema.

Mume alitafuta kazi kila mahali. Mtaani walimwita Injinia, na mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, anaeleza kwamba injinia ni mwingine na msanifu ni mwingine. Aliacha kusahihisha siku jirani alipomwomba amchoree banda la kuku. Alichora vizuri, akaweka matundu ya hewa na mahali pa kukusanyia mayai bila kuingia ndani. Jirani akauangalia mchoro, akamshukuru, akamwambia Mungu atamlipa. Mume alirudi nyumbani akasema anaona Mungu ana madeni mengi mtaa huu.

Wote wawili waliitwa. Ofisi iliwapa waombaji jaribio: wachore zahanati ndogo kwenye kiwanja chembamba chenye mteremko mkali, geti likiwa chini na barabara nyingine ikipita juu. Mgonjwa yeyote aweze kufika chumba chochote, hata yule anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Waliambiwa ni zoezi tu, hakuna zahanati kama hiyo.

Nyumbani walipanga utaratibu. Meza ya chakula ilikuwa moja, kompyuta ilikuwa moja. Mume angetumia asubuhi, mke angetumia kuanzia mchana. Hakuna kutazama kazi ya mwenzake, hakuna kuulizana, na atakayepata apate, mwingine asinune. Walipeana mikono kwa mzaha, kama wanandondi kabla ya kengele. Kwa siku za mwanzo mzaha huo uliwasaidia. Mke alipita nyuma ya kiti cha mume ameziba macho kwa kiganja, na bibi akamshika mkono kumwongoza asijigonge kwenye kabati.

Mume hakuwa akipata kitu. Mteremko ulikuwa unamsumbua. Kila alivyoweka jengo, ilibidi aweke ngazi, na kila alipoweka ngazi ilibidi aweke njia ya magurudumu inayozunguka nyuma ya jengo, karibu na majitaka, kana kwamba mgonjwa ni mzigo wa kupitishwa kwa siri. Alifuta, akachora, akafuta. Alikuwa hajachora kitu cha maana muda mrefu, na mkono ulikuwa mzito. Alianza kuogopa kwamba si hali ya mji peke yake iliyomkosesha kazi.

Jumamosi mke alikwenda shuleni kwa binti kwenye mkutano wa wazazi. Bibi alitaka meza achambue mchele. Karatasi za mke zilikuwa zimekaa juu ya meza, zimefunikwa kwa gazeti, na mume akazikusanya ili amwachie mama yake nafasi. Gazeti likateleza.

Hakuhitaji kuangalia zaidi ya mara moja. Mke alikuwa ameligeuza jengo zima likalala juu ya mteremko kwa urefu, badala ya kuukatiza. Hakukuwa na ngazi wala njia ya nyuma. Palikuwa na ukumbi mmoja mrefu wenye paa, unaopanda taratibu kutoka getini mpaka barabara ya juu, na vyumba vyote vilifungukia humo, kila mlango na sehemu yake bapa ya kusimama. Anayetembea na asiyetembea wangepita njia ileile. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu angejiuliza kwa nini hakuiona.

Alizifunika karatasi, akaziweka kitandani, akamwambia mama yake meza iko tayari. Kisha akatoka akazunguka mtaa mzima akijisemea kwamba wazo si kitu cha kuibiwa, kwamba hata yeye angefika hapo baada ya siku mbili, kwamba kuna majengo mengi duniani yenye sakafu zinazopanda. Jumatatu asubuhi, zamu yake ilipofika, alikaa mezani na mkono ukamwendea wepesi kama zamani. Hakuunakili mchoro wa mke. Vyumba vyake vilipangwa kivingine, madirisha yalikuwa mengine. Lakini ukumbi ulikuwa ule.

Usaili wa mume ulikuwa Jumatano. Kwenye chumba cha kusubiri alimkuta mhadhiri aliyemfundisha chuoni, mzee wa watu, amejifunika uso kwa gazeti. Walisalimiana, na kila mmoja akadai kwamba amepita tu kumwona rafiki. Kisha wakakaa viti vinavyopakana wakisubiri rafiki zao.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Ofisi yake ilikuwa imejaa viti vitupu. Alikuwa na tabia ya kusema "tuongee kama ndugu" kila alipotaka kusema jambo lisilo la kindugu, na alilisema mara kadhaa siku hiyo, hasa walipofika kwenye mshahara. Lakini mchoro aliupenda. Aliufuata ukumbi kwa kidole kutoka chini mpaka juu, akatikisa kichwa, akasema huyu ndiye mtu anayefikiria. Mume alisema asante. Baadaye hakuweza kukumbuka kama sauti yake ilitoka sawasawa.

Mke aliitwa Alhamisi. Alivaa sketi ya kijivu aliyoipunguza kiuno mwenyewe, maana ilikuwa imemzidi. Alipotandaza mchoro wake, mkurugenzi hakuuangalia sana. Alivaa miwani, akavuta mchoro mwingine kutoka chini ya mafaili, akauweka kando ya ule wa kwanza.

"Mama, tuongee kama ndugu," alisema. "Mchoro wako nimeuona jana. Umeutoa wapi?"

Mke aliutambua mwandiko wa mumewe kabla ya kusoma jina. Namna alivyochora miti, duara zilizokatwakatwa, namna alivyoandika tarakimu ya nne bila kuifunga juu. Kisha akauona ukumbi. Aliona pia kitu kingine, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kukimbilia: kwenye mchoro wa mumewe palikuwa na alama za kalamu nyekundu, na pembeni mtu ameandika, *mteja ameridhia, milango ipanuliwe*.

Alijisikia aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Hasira haikuwa imefika bado.

"Tunaishi nyumba moja," alisema. "Tunazungumza."

Mkurugenzi alicheka, akavua miwani. Alisema anaelewa, na kwamba ni jambo zuri mke kujifunza kwa mumewe. Kwa bahati mbaya nafasi ni moja, na kazi za nje ya mji ni nyingi, na yeye hapendi kusikia leo mtoto ana homa, kesho shule imefungwa. Mke alikunja karatasi zake. Alikunja vibaya, ikabidi afungue akunje upya mbele yao, na mhasibu aliyekaa pembeni akatazama dirishani ili kumsitiri.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alishuka kituo kisicho chake akatembea. Alipita kando ya jengo la ghorofa ambalo ofisi yake ya zamani ililichora, lililokomea ghorofa ya pili, ambapo sasa mlinzi alikuwa ameanika nguo zake kwenye nondo. Alisimama hapo akajaribu kutafuta jambo jingine la kuamini. Hakulipata. Nyumbani alisema usaili ulikwenda vizuri tu, akaingia jikoni.

Ijumaa mume alipigiwa simu na ile ofisi. Bibi alisikia neno Jumatatu, akasikia neno karibu, akaanza kupiga vigelegele kabla simu haijakatwa, mpaka jirani wa banda la kuku akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Binti alimrukia baba yake shingoni. Ilikuwa imesalia wiki moja wanafunzi wasiolipiwa ada warudishwe nyumbani, naye alikuwa anajua ila hajasema. Mume aliwakumbatia wote, na alipofika kwa mkewe, mke alisema hongera, kwa sauti ya mtu anayempongeza jirani, akaenda kuangalia chungu.

Siku iliyofuata, mchana, mke alikuwa chumbani anapiga pasi shati ambalo mume angelivaa Jumatatu. Mume alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anapaka viatu rangi.

"Ule ukumbi unaopanda," mke alisema bila kuinua macho, "ulikujia lini?"

Brashi ilisimama.

"Waliuweka mezani mbele yangu," mke aliendelea. "Wako na wangu, ubavu kwa ubavu. Wakaniuliza nimeutoa wapi."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba tunaishi nyumba moja."

Mume alikiweka kiatu chini. Aliuliza kwa nini hakusema kweli.

"Ningesema, wewe ungekosa na mimi nisingepata. Tungebaki na nini? Ukweli wetu? Mwenye nyumba haupokei huo."

Mume alimweleza, basi, habari ya mchele na gazeti lililoteleza. Alisema hakukusudia kuangalia. Alisema alijaribu kuusahau.

"Ulijaribu mpaka ukauchora," alisema mke.

Aligeuza shati akaanza mkono wa pili. Aliupiga pasi polepole, kuanzia begani, kama alivyofanya siku zote. Mume alingoja apige kelele. Alitamani apige kelele.

"Ungeniomba ningekupa," alisema mke mwishowe. "Hilo ndilo linaloniuma. Ningekaa na wewe, nikakuonyesha, tukaupeleka kwa jina lako, na mimi nikachora kingine. Wewe umekaa bila kazi muda mrefu kuliko mimi, nilikuwa naliona hilo. Lakini hukuniomba. Ulinisubiri nitoke."

Alilitundika shati kwenye kitasa cha mlango, akazima pasi, akatoka.

Jumatatu mume alilivaa shati lile, akafika ofisini mapema. Mhasibu alimwonyesha meza, kiti, na droo yenye ufunguo. Droo ilikuwa na penseli mpya tatu. Alikaa. Dirisha lilitazama kreni iliyosimama, na kwa muda fulani aliitazama na kufikiri kwamba inawezekana kabisa kukaa hapa. Mkewe alikuwa ameshasema uongo kwa ajili yake, ada ingelipwa, na baada ya miezi michache jambo lenyewe lingezoeleka. Hakuna mtu ambaye angemuuliza chochote. Alikaa mpaka chai ya saa nne ikapita. Halafu akainuka akagonga mlango wa mkurugenzi.

Alisema alichokuja kusema kwa maneno machache: ukumbi ni wazo la mkewe, aliuona kwenye karatasi zake akauchukua, na anayestahili kukaa kwenye ile meza ni mkewe.

Mkurugenzi alimsikiliza huku akitafuna karanga.

"Tuongee kama ndugu," alisema. "Mimi natafuta mchoraji, sitafuti mtu wa kutubu. Mshahara unaingia nyumba ileile. Nendeni mkaelewane, kesho aje mmoja. Ila akija mama nitapunguza kidogo. Wanawake wana udhuru mwingi."

Mume alitaka kusema jambo kuhusu huko kupunguza, lakini alijiona hana mdomo wa kusemea. Alirudisha ufunguo wa droo kwa mhasibu. Kwenye ngazi alipishana na mhadhiri wake, aliyekuja kuulizia majibu, na safari hii hawakudanganyana.

Mke alikuwa anaanua nguo uani aliporudi. Alimwambia yote palepale, hata lile la kusita mpaka saa nne, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Mke alisikiliza amekumbatia shuka kavu.

"Ulichukua kitu changu, umekirudisha," alisema. "Usisubiri asante."

"Sisubiri."

"Haya." Alikunja shuka pembe kwa pembe. Kisha akauliza, kwa sauti ya kikazi, mkurugenzi alisema atapunguza kiasi gani, na kama michoro ile yenye wino mwekundu bado ilikuwa juu ya meza. Mume alisema ilikuwepo, na kwamba palikuwa na mtu wa vipimo vya kiwanja amekuja kuichukua nakala. Mke akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata tarakimu aliyokuwa anaikosa.

Bibi, alipoelezwa kwamba atakayekwenda kazini ni mkwe wake, aliuliza mara mbili ili ahakikishe hajasikia vibaya. Hakuuliza sababu. Alimtazama mwanawe usoni kwa muda, akaelewa kiasi fulani, na siku hiyo hakupiga vigelegele.

Jumanne mke hakukaa alipoonyeshwa meza. Alikwenda kwa mkurugenzi, akabaki amesimama, na akamwomba mhasibu naye abaki. Alisema amesikia habari ya kupunguza. Mkurugenzi akaanza kusema waongee kama ndugu.

"Tuongee kama watu wa kazi," alisema mke. "Mlituambia ni zoezi tu. Lakini mteja ameshauona mchoro, ameridhia, na mpima viwanja amechukua nakala jana. Zahanati ipo. Ukumbi ni wangu, na mume wangu alikuja hapa mwenyewe akakwambia. Nikianza kazi leo kwa mshahara mliotangaza, mchoro ni wa ofisi. La sivyo nitamwendea huyo mteja nimweleze mlivyoupata."

Mkurugenzi alivaa miwani ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma. Alisema siyo vizuri kuanza kazi kwa vitisho. Mke alisema si vitisho, ni maelezo. Mhasibu alikohoa. Mwishowe mkurugenzi alisema mshahara utakuwa uleule, lakini kwa majaribio ya miezi mitatu, na safari za nje ya mji zitakuwa juu yake kama mtu mwingine yeyote. Mke akasema hakuwahi kuomba vingine.

Baadaye mhasibu alimletea chai mezani, jambo ambalo halikuwa kazi yake.

Ada ililipwa kwa kuchelewa, baada ya bibi kuuza pete yake na kudai kwamba ilikuwa inambana. Mume alipata kazi kwenye duka la vigae la shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji hakumdharau, lakini hakuacha kuwaambia wateja kwamba huyu anayewapimia ni msomi. Siku moja aliingia mtu ambaye mume alimchorea nyumba zamani, nyumba ya ghorofa yenye baraza pande mbili. Mtu yule alifurahi sana.

"Injinia! Kumbe umefungua duka?"

Mume alisema hapana, ameajiriwa. Mteja hakujua aangalie wapi, akaangalia vigae. Alimsifia ile baraza, akasema wageni wote wanaipenda. Halafu, kwa kuwa walikuwa wanafahamiana, akaomba apunguziwe bei.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa utulivu. Mume alikuwa wa kwanza kurudi, akapika pamoja na mama yake, akasimamia masomo ya binti. Mke alirudi na vumbi la kiwanjani kwenye viatu, akala, akashukuru kwa chakula. Waliulizana habari za kutwa na kujibiana kwamba ni nzuri. Michoro ya zahanati haikuletwa nyumbani hata siku moja. Mke aliifungia kwenye droo ofisini, na mume hakuiulizia. Zamani walikuwa watu wa kubishana. Wangeweza kubishania dari ya benki waliyokwenda kuchukua pesa, mpaka mlinzi akawaomba watoke. Sasa walipishana koridoni wakiombana radhi. Bibi alimnong'oneza mjukuu wake kwamba nyumba imekuwa kama wodi, kila mtu anatembea kwa vidole.

Mara mbili mume alijaribu kuomba msamaha upya. Mara ya kwanza mke alisema yameisha. Mara ya pili alisema ukweli, kwamba hayajaisha, na kwamba hajui yataisha lini, na asimharakishe. Mume alishika hilo la pili kwa sababu lilionekana kuwa na uhai.

Mvua zilianza msingi wa zahanati ukiwa tayari umechimbwa. Mke alikuwa anatoka kiwanjani jioni ameloa mpaka magotini. Siku moja aliporudi hakwenda kubadilisha nguo. Alikuwa na bomba la plastiki la kubebea michoro, akaliweka mezani, akaondoa sahani ambazo binti alikwisha kuziandaa, akatandaza mchoro na kukandamiza pembe zake kwa vikombe. Alisimama akaukazia macho muda mrefu.

Mume alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Alimwona kupitia mlangoni, akainamisha uso akaendelea kumenya.

"Njoo uangalie hapa," alisema mke.

Mume hakuwa na uhakika anaambiwa nani. Aliuliza kama ni yeye.

"Kuna msanifu mwingine humu ndani? Njoo."

Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaifuta. Alipofika alisimama upande wa pili wa meza, mbali kidogo. Mke alimweleza kwa kidole. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kutoka barabara ya juu. Yakiingia mlango wa juu, ukumbi wote ungekuwa mfereji, na yangeteremka hadi miguuni kwa wagonjwa wanaosubiri. Ameliona leo, kwenye udongo. Mkurugenzi anataka waweke vizingiti, lakini ukiweka kizingiti, kiti cha magurudumu hakipiti, na zahanati nzima inakuwa haina maana.

Mume aliinama. Aliomba penseli. Alisema huo mlango wa juu usitazame barabara, ugeuzwe utazame ubavuni, na mbele yake upite mfereji wenye chuma cha matundu juu, maji yazame humo.

Mke akasema mfereji sawa, alikuwa ameshaufikiria, lakini mlango hauwezi kugeuzwa. Mama anayejifungua ataletwa kwa machela kutoka barabara ya juu, na machela haitapiga kona pale.

"Itapiga, ukisogeza ukuta."

"Nikisogeza ukuta nakula chumba cha dawa."

"Chumba cha dawa chenyewe ni kikubwa mno. Unaweka dawa au unaweka ng'ombe?"

"Wewe umewahi kuingia chumba cha dawa? Makabati utayaweka wapi, kichwani?"

Sauti zilipanda. Mume akachora juu ya mchoro, mke akafuta alichochora, mume akasema asifute kabla hajamaliza, mke akasema akimaliza itakuwa imeshaharibika. Walikuwa wamesogea bila kujua, sasa wote wako upande mmoja wa meza, vichwa vimekaribiana, kila mmoja amemshika mwenzake mkono ili asiguse karatasi.

Jikoni bibi aliacha kukoroga. Alimuuliza mjukuu wake huko sebuleni kuna nini.

"Wanagombania mlango, bibi," alisema binti, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

Bibi alitega sikio akasikiliza. Alimsikia mwanawe anasema mkaidi, akamsikia mkwe wake anajibu mkaidi ni wewe.

"Afadhali," alisema, akapunguza moto, maana chakula kisingeliwa karibuni.